Wosia wa Dr. Martin Luther wa Mwaka 1542 na Suala la Jamaa Wanaotutegemea

Katika semina za wachungaji na wazee wa kanisa kuna suala moja ambalo ni nadra kuandikwa katika ajenda, lakini hujitokeza jioni, baada ya chakula, wakati watu wanapozungumza kwa uhuru. Ni suala la Mkristo anayewalisha jamaa zake, naye hapati kwao ila masimango. Mwalimu mstaafu hupokea kiinua mgongo chake, na kabla ya mwezi kwisha watoto wake watu wazima wamekwisha kukigawa kwa maneno, kila mmoja na fungu lake. Mjane aliyeachiwa shamba huambiwa na wanawe kwamba shamba ni mali ya baba, yeye ni mpitaji tu. Kaka aliyewasomesha wadogo zake wanne huitwa mchoyo siku ile anaposema kwamba wa tano asubiri mwaka mmoja. Na anayethubutu kukataa husomewa 1 Timotheo 5:8, kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani. Hatujapata kusikia jamaa akisomewa aya ya 4 ya sura hiyo hiyo, ambayo huwaagiza watoto na wajukuu kuwarudishia wazazi wao mema waliyotendewa.

Swali tunaloulizwa ni hili: je, Mkristo aweza kusimama mbele ya jamaa anaowalisha na kusema, hapa ndipo mwisho, bila kuvunja upendo? Katika makala haya hatukusudii kulijibu kwa fundisho jipya. Tunakusudia kulitazama katika historia ya kanisa letu, kwa kusoma karatasi moja ambayo wengi wetu tumeisikia ikitajwa tu, nayo ni wosia alioandika Dr. Martin Luther huko Wittenberg tarehe 6 Januari 1542. Wosia huo mara nyingi hutajwa kama ushahidi wa jinsi Luther alivyompenda mke wake. Hiyo ni kweli, lakini sababu kubwa aliyoiandika mwenyewe ni nyingine.

Nyumba iliyojaa watu

Yafaa kwanza tujue nyumba yenyewe ilikuwaje. Luther na Katharina von Bora walifunga ndoa mwezi Juni 1525, wakakaa katika monasteri ya zamani ya Waaugustino, ambayo Luther aliishi ndani yake tangu alipokuwa mtawa. Mwaka 1532 mtawala wa Saksonia aliwapa jengo hilo liwe mali yao. Mshahara wa Luther ulikuwa gulden 200 kwa mwaka, baadaye 300. Kwa vitabu vyake, vilivyowatajirisha wapiga chapa, hakupokea malipo. Aliyeiendesha nyumba ni Katharina: alilima, alifuga nguruwe na ng'ombe, alipika pombe ya shayiri, na alipokea wanafunzi waliolipia chakula na malazi.

Jengo lilikuwa kubwa, nalo halikukaa tupu. Mbali na watoto wao, waliishi humo wapwa wa Luther waliofiwa na wazazi, watoto wa ndugu wa Katharina, wanafunzi, wakimbizi, watawa waliotoka monasterini bila senti, na watumishi. Mwaka 1542 Mwana wa Mfalme Georg wa Anhalt alipotaka kufikia kwa Luther, rafiki mmoja alimwandikia kumshauri asifanye hivyo, kwa maana nyumba hiyo ilijaa vijana, wasichana, wajane na watoto wa kila namna, hata utulivu haukupatikana. Anayejua nyumba ya mtu mwenye mshahara mjini kwetu, mwezi Januari wakati wa kufungua shule, hahitaji kuelezwa zaidi.

Wengine kati ya hao walikuwa baraka. Shangazi yake Katharina, Magdalena von Bora, ambaye naye alikuwa mtawa zamani, aliwalea watoto wa nyumba hiyo mpaka alipofariki mwaka 1537, na Luther alimheshimu sana. Wengine hawakuwa hivyo. Mpwa mmoja wa Luther, Hans Polner, alikuwa mlevi, na alipolewa alikuwa mgomvi. Mazungumzo ya mezani yaliyoandikwa na wanafunzi yanaonyesha kwamba mjomba wake hakunyamaza. Alimwambia mbele ya watu kwamba ulevi wake unaiaibisha nyumba iliyompokea, mji, na Injili yenyewe, kwa kuwa maadui walikuwa wakitafuta kisa kama hicho.

Mwaka ule ule wa wosia, Luther alimpeleka mwanawe wa kwanza, Hans, kusoma huko Torgau chini ya mwalimu Marcus Crodel, pamoja na kijana Florian von Bora, mtoto wa ndugu wa Katharina. Punde ikagundulika kwamba Florian alikuwa amechukua kisu cha Paul, mwana mdogo wa Luther, kisha akadai kwamba kisu hicho alipewa na Luther mwenyewe. Luther alimwandikia mwalimu kwamba kijana huyo achapwe siku tatu mfululizo, na akahesabu sababu moja moja: siku moja kwa kuchukua, siku moja kwa kusema uongo, siku moja kwa wizi. Sisi hatupendekezi fimbo hiyo. Twaitaja habari hii kwa sababu nyingine. Luther hakumfukuza Florian shuleni, wala hakusema kwamba ukoo wa mkewe umemchosha. Alilipia masomo ya kijana na alimkemea kijana, yote mawili kwa wakati mmoja. Miongoni mwetu mambo haya hutenganishwa: aidha mtu hulipa akanyamaza, akiogopa maneno ya ukoo, ama hukasirika akakata kila kitu.

Karatasi ya Januari 1542

Sasa tuje kwenye wosia. Luther alikuwa na umri wa miaka 58, na afya yake ilikuwa mbaya kwa muda mrefu. Aliandika kwamba anampa mke wake Katharina, kwa maisha yake yote na kwa hiari yake kuvitumia, shamba la Zülsdorf, ambalo Katharina alilipenda na ambalo hapo kwanza lilikuwa la kaka yake. Nyumba ndogo iliyoitwa ya Bruno, iliyonunuliwa kwa jina la mtumishi wao Wolf. Na vikombe na vito vya thamani vinavyokadiriwa kufikia gulden 1,000. Kisha akatoa sababu tatu.

Ya kwanza, kwamba Katharina alikuwa mke mwema na mwaminifu, aliyemzalia na kumlea watoto, na watano kati yao walikuwa hai wakati huo. Ya pili, kwamba atachukua juu yake madeni yaliyobaki, ambayo Luther aliyakadiria kuwa kama gulden 450. Ya tatu aliitanguliza kwa kusema kwamba ndiyo kubwa kuliko zote: hakutaka Katharina aitazame mikono ya watoto, bali watoto waitazame mikono ya mama yao, wamheshimu na kumtii kama Mungu alivyoamuru. Akaendelea kueleza kwa nini. Alikuwa amekwisha kuona, anasema, jinsi Ibilisi anavyowachochea watoto, hata walio wema, waivunje amri hiyo kwa vinywa vya watu wenye wivu, hasa wana wanapooa na mabinti wanapoolewa, ndipo mkwe na mavyaa wanapoinuka mmoja juu ya mwingine.

Hapa yatupasa tusimame kidogo na kuhesabu umri. Siku Luther alipoandika maneno hayo, mwanawe mkubwa Hans alikuwa na miaka 15, Magdalena 12, Martin 10, Paul alikaribia 9, na Margarete alikuwa na miaka 7. Hakuna aliyekuwa ameoa wala kuolewa. Hakuna aliyekuwa amemkosea mama yao kwa neno lolote la mali. Luther hakuwa na kesi dhidi yao, na aliwapenda. Magdalena alipofariki mwezi Septemba mwaka huo huo, baba yake alilia kwa uchungu ambao wote waliokuwapo waliukumbuka. Hata hivyo aliandika kana kwamba kutokuwa na shukrani ni jambo litakalowajia, kama ndevu zinavyowajia wavulana. Alikuwa amesikiliza mashauri mengi mno ya ndoa na mirathi asijue mambo haya yanavyoanza. Kwa hiyo hakungoja wakose, akaweka mpaka mapema, wakati ambapo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuona mpaka huo kuwa ni adhabu.

Katika jambo moja hatukubaliani na Luther. Kuwatwika wakwe lawama zote ni rahisi mno, na kwetu limekuwa desturi: mwana akimtupa mama yake, husemwa kwamba ni huyo mwanamke aliyemwoa. Tumeona mara nyingi kwamba uchoyo ulikuwamo ndani ya mwana mwenyewe tangu zamani, na mke aliyekuja alikuta mbegu imekwisha kuota.

Usemi huo wa kutazama mikono haukubuniwa na Luther. Umo katika kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 33, mahali ambapo mwenye hekima anamshauri mtu asimpe mwana, mke, ndugu wala rafiki mamlaka juu yake maadamu yu hai, wala asigawe mali yake mapema asije akajuta na kuiomba tena. Washarika wetu wengi hawakijui kitabu hiki, kwa kuwa hakimo katika Biblia ya Union tuliyoizoea. Luther alikitafsiri, nacho kimo katika Biblia yake kamili ya Kijerumani ya mwaka 1534, miongoni mwa vitabu alivyosema kwamba havilingani na Maandiko Matakatifu ila vyafaa kusomwa. Ajabu ni kwamba katika shauri lile lile la bin Sira, mke ametajwa pamoja na mwana kati ya wasiostahili kupewa mamlaka hayo. Luther alilichukua shauri hilo akaligeuza: alimwondoa mke katika orodha ya wale wa kujihadhari nao, akamweka mahali pa mwenye mali. Alitoa na sababu yake: mama ndiye mlezi bora wa watoto wake, naye hatazitumia mali hizo kwa hasara yao, kwa kuwa ni nyama yake na damu yake.

Huenda msomaji akauliza, je, mwalimu aliyefundisha neema aweza kuweka masharti ya namna hii ndani ya familia? Tukiisoma Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, katika maelezo ya Amri ya Nne, twaona kwamba Luther hakuhesabu heshima kwa wazazi kuwa ni hisia ya moyoni tu. Aliitaja kama matendo: kuwalisha, kuwavika, kuwavumilia katika uzee wao. Vilevile alilalamika kwamba ulimwengu hauoni jambo hilo kuwa ni kazi ya Mungu. Mtoto anayeishika mali yote mkononi hupewa jaribu kubwa mno la kuisahau amri. Kumwondolea jaribu hilo ni kumtendea mema, hata kama yeye mwenyewe huliona tendo hilo kuwa ni dharau. Hivi ndivyo tunavyouelewa wosia huu: hakuna mtoto aliyenyimwa urithi ndani yake, wala jamaa aliyefukuzwa mezani. Kilichoamuliwa ni nani ashike mfuko.

Kuna sehemu nyingine ya wosia ambayo twaipenda kwa unyofu wake. Luther alijua kwamba baada ya kifo chake watu wangesema Katharina ameficha fedha. Basi akawaomba rafiki zake wamshuhudie: fedha taslimu hakuna. Aliwataka watu wafanye hesabu wenyewe. Mapato yalikuwa mshahara na zawadi tu, na kwa hayo wamejenga, wamenunua, na kuiendesha nyumba kubwa yenye gharama. La kushangaza, asema, ni kwamba madeni si makubwa zaidi. Ni mara chache mtunzaji wa jamaa kuwafungulia kitabu cha hesabu namna hiyo. Wengi wetu huficha madeni yetu kwa sababu ya heshima, kisha twashangaa kwamba jamaa wanadhani mfuko wetu hauna mwisho.

Sheria ya Saksonia, na sheria iliyo karibu nasi

Wosia huu ulikwenda kinyume cha sheria ya nchi. Sheria ya Saksonia, ambayo misingi yake iliandikwa katika karne ya 13, ilimpa mjane vitu fulani vya nyumbani na riziki yake, lakini mali yenyewe ilikuwa ya watoto na ukoo wa mume. Katika jambo hilo mjane wa Saksonia angeweza kuzungumza na mjane wa kwetu bila mkalimani. Kanuni za mirathi ya kimila zilizotangazwa Tanganyika mwaka 1963, katika Tangazo la Serikali Na. 436, zilisema katika kanuni ya 27 kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Kwa maneno mengine, aitazame mikono yao. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Tanzania ilikiri kwamba kanuni hizo zina ubaguzi, lakini haikuzifuta; na mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake iliona kwamba wajane wawili walioondolewa katika nyumba zao walivunjiwa haki.

Aliyeitunga kanuni ya 27 hakuwa na nia mbaya, nasi tunalisema hili kwa kuwa wazee wetu wengi bado huitetea. Inadhani kwamba mtoto aliyetunzwa atatunza. Ndivyo ilivyokuwa katika boma ambamo baba mkubwa aliweza kumwita kijana na kumuuliza kwa nini mama yake analala njaa. Lakini boma limetawanyika. Kijana yuko mjini, na anayemuuliza hayupo. Luther naye aliona mpango wa zamani ukidhani wema ambao yeye, kama mhubiri wa dhambi ya asili, hakuweza kuudhani.

Jinsi wosia ulivyopokelewa

Lazima sasa tuseme kosa la Luther, maana lilimgharimu mke wake. Hakutaka wathibitishaji wa hati wala taratibu za wanasheria, watu ambao hakuwapenda kamwe. Aliandika kwamba yeye anajulikana vya kutosha mbinguni, duniani na hata kuzimu, hivyo mkono wake uaminiwe kuliko wa mwandishi wa mahakama. Melanchthon, Cruciger na Bugenhagen walitia sahihi kama mashahidi, ikawa basi.

Luther alifariki Eisleben tarehe 18 Februari 1546. Mara Chansela Gregor Brück, mwanasheria aliyeijua kazi yake, aliutilia shaka wosia uliokosa utaratibu. Hakumwamini Katharina katika matumizi, na alishauri wavulana waondolewe mikononi mwa mama yao, asije akawalea kama mabwana wa mashamba wasio na kazi. Mtawala Johann Friedrich aliuthibitisha wosia mwezi Aprili, lakini watoto waliwekewa wasimamizi, wakiwamo Melanchthon na Jakob Luther, ndugu wa marehemu. Yaani lile hasa ambalo Luther alilikataa, kwamba mwingine asimame kati ya mama na watoto wake katika mali, liliingia kwa mlango wa nyuma. Kiburi kitakatifu cha mume kilimwachia mjane kesi. Mchungaji anayemwambia mstaafu kwamba neno lake la mdomo latosha, au barua aliyoiweka ndani ya Biblia, na akumbuke jambo hili. Wosia ulioshuhudiwa kwa utaratibu si ishara ya kukosa imani.

Katharina hakukaa kimya. Alipambana ili wanawe wabaki naye, na akanunua shamba la Wachsdorf ingawa Brück hakupendezwa. Kisha ikaja vita ya Schmalkalden. Mtawala aliyemlinda alishindwa na kutekwa Mühlberg tarehe 24 Aprili 1547. Katharina alikimbia mara mbili, na aliporudi alikuta mashamba yameharibiwa na mifugo imetoweka. Alikopa, akafungua tena nyumba kwa wanafunzi wa kulipia. Tarehe 6 Oktoba 1550 na tena tarehe 8 Januari 1552 alimwandikia Mfalme Christian III wa Denmaki, akimkumbusha msaada aliokuwa akimpa Luther kila mwaka. Mwanamke ambaye mumewe hakutaka aitazame mikono ya watoto wake alilazimika kuitazama mikono ya mfalme wa mbali, na barua zake zaonyesha kwamba marafiki wengi wa zamani walikuwa wamemsahau.

Mwaka 1552 tauni ilipoingia Wittenberg, aliondoka kuelekea Torgau pamoja na Paul na Margarete. Njiani farasi walishtuka, naye akaanguka katika mtaro wenye maji baridi. Aliugua miezi mitatu, akafariki Torgau tarehe 20 Desemba 1552, akazikwa katika kanisa la Mt. Maria. Hans alikuwa mwanasheria, Martin alisoma teolojia lakini hakushika utumishi, Paul akawa tabibu aliyesifika. Nyumba ile kubwa waliiuza kwa chuo kikuu mwaka 1564.

Karatasi ya wosia ilipita mikono mingi. Mapema katika karne ya 19 ilinunuliwa mnadani na Mhungari mmoja mkusanyaji wa hati, Miklós Jankovich, ambaye aliwapa Walutheri wa nchi yake. Mpaka leo imehifadhiwa katika nyaraka za kanisa lao huko Budapest, kwa mwandiko wa Luther mwenyewe na sahihi tatu chini yake, bila mhuri wa mthibitishaji.